Bweni la Msimu

Bomba la nyuma ya bweni lilitoa maji asubuhi tu, tena kwa kujivuta, na Mlingoti alikuwa amewahi. Aliinama juu ya beseni, magoti yake marefu yakimfikia karibu na masikio, akawa anafikicha jezi za timu nzima moja baada ya nyingine. Ndiyo ilikuwa sheria yao: aliyekosa mitupo huru mingi kuliko wenzake katika mchezo uliopita ndiye anayefulia wote. Hawakupewa sheria hiyo na kocha. Waliitunga wenyewe, mwaka ule chuo kiliposema hakina fungu la sabuni.

"Sugua na kwapani, mzee," alisema Kapteni, ambaye alikuwa amechuchumaa pembeni akipiga mswaki. "Jezi yangu juzi ilikuwa inanuka kama ahadi za uongozi."

"Ungekosa na wewe, basi, ukaja kujifulia."

"Mimi nikirusha, mpira wenyewe unaona haya kutoka nje."

Mlingoti alicheka kimya kimya, akakamua jezi na kuitandaza juu ya uzio. Walimwita mzee kwa sababu alikuwa mzee kweli, kwa hesabu za pale chuoni. Kabla ya kuja kusomea ujenzi alikuwa amebeba zege na matofali kwa miaka mingi, mchana akipanda ngazi za mbao na jioni akisoma masomo ya watu wazima, mpaka akapata cheti cha kumwingiza. Siku ya kujiandikisha, kocha aliona kichwa kimoja kimechomoza juu ya foleni nzima, akamfuata.

"Umewahi kushika mpira wa kikapu?"

"Nimeshika matofali."

"Inatosha," kocha akasema, na jina la Mlingoti likazaliwa siku hiyohiyo.

Hakuupenda mpira mwanzoni. Alichopenda ni kitanda. Wachezaji wasio na mahali pa kulala walipewa chumba kirefu nyuma ya ukumbi, kilichokuwa stoo zamani, chenye vitanda vya ghorofa na dirisha moja lisilofungika. Jikoni nako walipata sahani ya chakula. Yote hayo yalitolewa "kwa muda wa msimu wa mashindano". Aliyeandika maneno hayo, miaka ya nyuma huko, alikuwa anaijua timu. Kila mwaka ilitolewa mapema, mara nyingine kabla jezi hazijapauka. Wachezaji walirudi walikotoka, stoo ikafungwa, na hakuna aliyeumia isipokuwa wao.

Mwaka huu mambo yaligeuka. Walianza kwa kufungwa, kama kawaida, kisha wakashinda mchezo mmoja ambao hata wao hawakuelewa waliushindaje. Wakashinda mwingine. Kocha, ambaye kazi yake hasa ilikuwa fundi wa karakana ya vyuma, aliacha kuja na gazeti mazoezini. Wasichana wa uhasibu wakaanza kukaa pembeni ya kiwanja na vitabu vyao. Timu ikapita hatua ya makundi, ikapita robo fainali kwa kikapu cha Kapteni kilichozunguka kwenye pete mpaka watu wakachoka kusubiri. Kila waliposhinda, bweni la msimu liliongezewa uhai. Kwa vyuo vingine yalikuwa mashindano ya kikombe. Kwa vijana wa stoo yalikuwa mashindano ya godoro.

Leo ilikuwa nusu fainali. Wakishinda, fainali ilikuwa imepangwa baada ya mitihani, na kwa hiyo wangelala stoo mpaka karatasi ya mwisho. Wakifungwa, msimu ulikuwa umekwisha, na mitihani ilikuwa inaanza juma lijalo.

Mlingoti alijua mwenyewe maana ya jambo hilo. Mwaka jana, baada ya kutolewa, alirudi kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Dada alimpokea kwa moyo wote. Shemeji naye hakuwa mtu mbaya, ila alipenda televisheni, na kitanda cha Mlingoti kilikuwa ni sebule. Alisubiri mpaka taarifa ziishe, na tamthilia iishe, na wageni wa shemeji wamalize kubishana, ndipo akatandika. Asubuhi aliamka kabla ya jogoo ili apate usafiri. Alisinzia juu ya vitabu, akafeli. Chuo kilimruhusu kurudia mwaka, kikamwambia wazi kwamba hakuna kurudia mara ya pili.

"Hodi huku."

Ilikuwa sauti ya mlezi wa bweni, mama mnene wa upole ambaye alitembea na funguo nyingi kiunoni hata ukamsikia kabla hujamwona. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye futi ya kupimia.

"Shikamoo, mama," walimwamkia wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Huyu anapima dirisha, tunaweka pazia. Msimjali."

Kapteni alitema povu la dawa ya meno. "Pazia, mama? Sisi tumekuwa tukivaa nguo nyuma ya mlango misimu yote hii."

"Si lenu, baba. Kuna wageni wa semina wanaingia leo jioni. Wamejaza nyumba ya wageni, wakajaza na bweni kuu, wengine watalala stoo." Alishusha sauti. "Mkimaliza mpira mniachie ufunguo."

"Na tukishinda?"

Mama mlezi alimtazama Kapteni kama mtu anayemtazama mtoto aliyeomba apewe mwezi. "Mwanangu, wale wa leo si ndio mabingwa? Mtawashindaje?"

"Lakini mama, tukishinda?"

"Mimi nimeambiwa kutoka juu niandae chumba. Hakuna aliyeniambia habari za kushinda." Akageuka, kisha akamgeukia tena Mlingoti. "Wewe ni mtu mzima. Nenda kamwone mshauri wa wanafunzi, mzungumze. Mimi hapa nashika funguo tu."

Njiani kwenda ofisini Mlingoti alipita kiwanjani. Vibarua wawili walikuwa wanaondoa magunia yaliyolowa kutoka upande wa kushoto wa kikapu cha pili, na chini yake palionekana saruji mpya, laini, ya rangi nyeupe kuliko sakafu nyingine. Alisimama. Mahali hapo paliitwa Kaburi.

Palikuwa pamebonyea tangu kabla hajafika chuoni, na zege lake limepasuka vipande vidogo. Mpira ukidunda pale haurudi, unakufa. Mwanzoni walikiomba chuo kilizibe. Walipochoka kuomba wakajifunza kulitumia. Walizoea kumbana adui mwenye mpira upande wa kulia, wakamwachia njia ya kushoto wazi kabisa kama mlango wa harusi. Akaingia kwa furaha, akadunda, mpira ukafia mkononi mwa Kaburi. Hapo Mlingoti alikuwa na kazi moja tu: kutomzuia. Alitakiwa ageuke, ainame, auokote mpira na kumrushia Kapteni, ambaye alikuwa ameshatimua mbio. Nusu ya ushindi wao wa nyumbani ilitoka kwenye shimo lile.

"Mmeziba vizuri," aliwaambia vibarua, akapapasa kwa kiganja.

"Magari ya wageni yataegeshwa hapa," mmoja alijibu. "Tuliambiwa asije mtu akajikwaa akishuka."

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilikuwa na benchi nje, na juu ya benchi Mlingoti alikaa mpaka kipindi chake cha kwanza kikampita. Katibu muhtasi alikuwa akimwambia "bado kidogo" bila kuinua macho. Hatimaye aliitwa.

Mshauri alikuwa mtu nadhifu, mwenye tabasamu la kukaribisha. Alimpa mkono, akampongeza yeye na timu nzima. Akasema chuo kinajivunia.

"Asante, mheshimiwa. Ni habari ya bweni."

"Ndiyo, ndiyo. Unaona, kijana wangu, kwa desturi msimu wenu huwa umeshakwisha mwezi uliopita."

"Kwa desturi tulikuwa tunafungwa, mheshimiwa."

"Ndiyo hapo sasa." Mshauri aliegemea kiti. "Mipango ya chuo ilifuata desturi. Wageni wamealikwa, wamelipia, wako njiani. Sasa ninyi mnashinda tu, mnashinda tu. Ni jambo zuri, sikatai. Lakini mnatuvurugia."

Mlingoti hakujua acheke au alie. Alieleza habari za mitihani, za mwaka alioufeli, za sebule ya shemeji. Mshauri alisikiliza kwa makini, tena kwa huruma ya kweli, kisha akainuka kuufunga mlango.

"Sikiliza. Kuna chumba kidogo karibu na zahanati. Kitanda kimoja, meza, taa nzuri. Kiko wazi. Mtu anayerudia mwaka angeweza kukaa pale mpaka amalize mitihani yake, na mimi ningesema ni mgonjwa."

"Sisi tuko wengi, mheshimiwa."

"Kitanda ni kimoja." Akarudi kitini. "Na ningeweza kufanya hivyo iwapo jambo hili la msimu litakwisha leo, kwa utulivu, bila mimi kuanza kugombana na wageni. Sijakuambia ufanye lolote."

"Hapana, hujaniambia."

"Nasema tu mtu mzima hajiumizi kwa ajili ya mpira."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo Mlingoti angeweza kuyasema. Alisema, "Nimekusikia," akatoka, na neno hilo moja likamfuata kutwa nzima kama harufu ya moshi kwenye nguo.

Saa ya chakula cha mchana mpishi aliwarudisha dirishani. Alisema timu haimo kwenye hesabu ya leo. Ameambiwa msimu unaisha.

"Unaisha jioni," Kapteni akamwambia. "Sasa hivi ni mchana."

"Mimi napika kwa ninavyoambiwa, bwana. Wageni wanakuja, na bei ya mafuta imepanda tena juzi. Nitoe wapi?"

Wakachanga, wakanunua mikate dukani nje ya lango. Kapteni aliuinua wake hewani akauzungusha. "Mkate huu umekonda kuliko mlaji. Mwaka jana ulikuwa unashiba hata kwa kuutazama." Wenzake walicheka. Mlingoti alitafuna bila kuonja. Alitaka kuwaambia. Kila alipofungua kinywa aliona wataanza kumtazama kwa jicho jingine, na mchezo bado haujachezwa. Akaona bora akae kimya mpaka uishe. Baadaye alikuja kuona kwamba pale ndipo alipokosea, wala si kiwanjani.

Kabla ya kuvaa jezi alikwenda nyuma ya stoo, mahali pake pa kila siku, akasimama ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa sala tangu enzi za zege. Alizoea kumwomba Mungu amshikie ngazi. Lakini siku zote aliona haya kumwomba mpira. Upande ule wa pili nako kuna watu wanaosali, alijiambia, na Mungu hawezi kugawanywa kama timu za mchangani. Leo hakujua hata aanzie wapi. Akiomba ushindi, anaomba godoro. Akiomba kushindwa, anaomba godoro zuri zaidi. Mwishowe alisema tu, "Baba, nisaidie nicheze kama mtu ambaye hajaambiwa kitu." Akaenda.

Kocha aliwakusanya chini ya kikapu, mafuta ya mashine yangali kwenye kucha zake. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Kaburi limezibwa. Mmeliona wote?"

"Tumeliona."

"Basi lisahauni. Upande wa kushoto leo ni sakafu kama sakafu nyingine. Mlingoti, ukimwachia mtu kushoto, umemwachia kikapu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kocha."

Watu walijaa pembeni, wengine wamekaa juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa kwa ajili ya semina. Mabingwa walikuja na basi lao na viatu vya rangi moja. Walikuwa warefu, wameshiba, na wenye adabu. Filimbi ilipolia, Mlingoti aliruka kama mtu aliyekatiwa kamba.

Alicheza siku hiyo kuliko siku zote za maisha yake. Alidaka mipira ya ubaoni, alizuia, alianguka, akainuka na magoti yenye damu, akaanguka tena. Hata mitupo huru, ugonjwa wake, iliingia. Kila alipofanya jambo zuri alihisi analipa kidogo lile "nimekusikia".

"Umekula nini leo?" Kapteni alimuuliza wakati wa mapumziko, anahema.

"Tulichokula wote."

"Basi mkate ule una dawa. Kesho tununue tena."

Mara mbili mabingwa walijaribu kuwaacha kwa pointi, mara mbili wakavutwa shati. Katika robo ya mwisho kelele zilikuwa nyingi hata filimbi ya refa ikawa haisikiki vizuri. Kapteni alirusha mmoja kutoka mbali, akiwa ameegemea hewa tu, ukazama bila kugusa chuma. Stoo ilikuwa inaongoza kwa pointi moja. Zilibaki sekunde, na mpira ulikuwa wa mabingwa.

Mshauri wa wanafunzi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya waamuzi, mikono nyuma, uso wake mtulivu. Mlingoti alimwona. Akaondoa macho.

Mpira ulimfikia mchezaji wao mfupi, mwepesi, mwenye kibandiko shavuni. Kapteni akambana kulia, kama walivyozoea. Yule kijana akatazama kushoto, njia nyeupe, akaingia. Na Mlingoti, aliyekuwa mita chache tu, aliyehitaji hatua moja kumfunika kwa mikono yake yote, hakupiga hatua. Miguu yake ilifanya ilichofundishwa misimu yote. Iligeuka, mgongo ukainama, mikono ikashuka chini kuupokea mpira unaokufa.

Mpira ulidunda kwenye saruji mpya, ukarudi juu ukiwa mzima. Yule kijana akaudaka, akapanda, akauweka ubaoni taratibu kama anayeweka kikombe kwenye kabati, ukaingia. Filimbi ikalia akiwa bado hewani.

Mlingoti alibaki ameinama. Aliitazama sakafu ile laini.

Mchezaji mwenye kibandiko ndiye aliyemfikia kwanza, akampa mkono. "Kaka, leo umetutesa," alisema. "Kocha wetu alituonya tangu jana tusiende upande ule, ati kuna shimo. Mimi nilisahau tu."

Mlingoti alimshika mkono. Mmoja alilisahau shimo, mwingine alilikumbuka, na shimo lenyewe halikuwepo.

Magari ya kwanza ya wageni yalikuwa yameshaanza kuonekana barabarani wakati timu inakunja magodoro. Mama mlezi alisimama mlangoni, akawa anawasaidia kufunga mabunda. Mwenye pazia alikuwa juu ya ngazi. Hakuna aliyemlaumu Mlingoti, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Wenzake walipita karibu naye kama watu wanaopita karibu na mgonjwa.

Mama mlezi alimvuta pembeni, akachomoa ufunguo mmoja kutoka kwenye ule mkungu wa kiunoni.

"Mshauri amesema nikupe wewe. Chumba cha zahanati." Alimtazama usoni. "Amesema umefanya vizuri."

Ufunguo ulikuwa mdogo, na kibao cha mbao kimefungwa kwa uzi. Mlingoti aliona meza. Aliona taa nzuri, na daftari zake zimefunguliwa chini ya taa, na kimya kirefu kisicho na tamthilia. Aliuona mwaka wake mzima ukiwa salama ndani ya chumba kile. Hakuwa ameuza kitu, Mungu alijua. Lakini akiulaza mwili wake pale usiku mmoja tu, atakuwa ameuza, na miguu yake iliyokosea kwa uaminifu itakuwa imekosea kwa malipo.

"Mrudishie, mama."

"Mwanangu, fikiri. Mitihani."

"Nimefikiri. Mwambie sikufanya vizuri. Nilikosea."

Mama mlezi aliurudisha ufunguo kwenye mkungu polepole. "Basi nitasema hukupatikana," alisema. "Ukibadili mawazo, nipo."

"Sema nimekataa, mama. Tafadhali."

Alirudi ndani. Wenzake walikuwa wameketi juu ya vyuma vitupu vya vitanda, mizigo miguuni. Alisimama katikati, kichwa chake kikikaribia kugusa taa, akawaeleza. Aliwaeleza habari za benchi, za mlango uliofungwa, za kitanda kimoja. Hakujitetea. Aliwaambia na neno alilojibu, lile moja.

Yule wa juu ya ngazi alisahau pazia lake.

"Kwa hiyo ulituuza," mmoja wao alisema, si kwa hasira, kama anayeuliza saa.

"Hapana."

"Tutajuaje?"

"Hamtajua. Mimi mwenyewe nimejiuliza. Ninachojua ni kwamba niliinama kuuokota."

Wote wakamtazama Kapteni. Kapteni alikuwa anafunga kamba za viatu vyake, akizifungua, akazifunga tena.

"Mimi nilimbana kulia," alisema mwisho. "Kocha alituambia kushoto ni sakafu kama sakafu nyingine, na mimi nikambana kulia. Nimsukumie wapi, kama si Kaburini? Hata mimi nilikuwa nasubiri mpira ufe nitimue mbio. Nilishaanza kukimbia." Akainuka. "Kwa hiyo kama ameuza, tumeuza wawili, na mimi sijapewa hata kitanda. Twendeni, imekuwa jioni."

Si wote waliokubali. Yule aliyeuliza alitangulia peke yake bila kugeuka nyuma, na Mlingoti hakumlaumu. Waliobaki walishika mizigo: masanduku ya bati, mabegi, ndoo zilizojaa vitabu na sahani.

Langoni mlinzi aliwanyooshea kiganja. "Simameni hapo. Kibali cha kutoa mizigo."

"Kibali gani, mkuu?"

"Mwanafunzi hatoi mzigo chuoni bila kibali cha ofisi ya mshauri. Tutajuaje kama hizo ndoo si za chuo?"

"Tumeondolewa bwenini sasa hivi."

"Sikatai. Leteni kibali."

"Ofisi imefungwa."

"Itafunguliwa kesho asubuhi."

"Basi turudi tukalale bwenini."

"Bwenini wameshaingia wageni."

Kapteni alimtazama mlinzi, kisha akamtazama Mlingoti, na kwa mara ya kwanza tangu filimbi ile ya mwisho, kona ya mdomo wake ikacheza. Mlinzi mwenyewe alionekana kuona jambo hilo lilivyokaa, akajikuna shingoni chini ya kofia. Lakini kazi ni kazi, na alikuwa na watoto.

Mlingoti alitua sanduku lake chini, pale pale katikati ya lango, akaliketia. Hakupanga. Miguu ilikuwa imechoka. Taa ya lango ilikuwa kubwa na nyeupe, na ilimulika vizuri. Alifungua ndoo, akatoa daftari la nguvu za nguzo na mihimili, akatafuta ukurasa aliouachia asubuhi. Kapteni akatua bunda lake karibu, akaketi. Mmoja mmoja na wengine wakakaa, lango zima likajaa vijana warefu na vitabu.

Gari la kwanza lilikuja likasimama mbele yao, taa zake zikiwaka. Nyuma yake likaja jingine. Dereva akapiga honi kwa adabu, kisha bila adabu.

"Sogeeni, jamani," mlinzi aliwasihi. "Wageni wapite."

"Tungesogea, mkuu," alisema Kapteni, akigeuza ukurasa. "Tatizo ni mizigo. Haina kibali."

Mlingoti hakuinua kichwa. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akausoma kwa sauti ya chini, polepole, na aliyekuwa karibu naye akasogea ili asikie.